Mawazo Mengi: Ushauri Nasaha kwa Njia ya Simu

Leo tunazungumza juu ya mzigo usiopimwa kwa mizani ya kliniki, nao ni mzigo wa mawazo.

Hapa Kisumu na kandokando ya ziwa, kutoka Dunga hadi Usenge, mama hulala akiwaza karo, omena waliopungua, au mume aliyeacha kupiga simu. Nyanya naye analea wajukuu huku magoti yakimuuma. Kwa Dholuo tunasema "paro mang'eny", yaani mawazo mengi. Wengi wetu tumefundishwa kunyamaza na kuvumilia. Lakini mawazo yakikaa ndani siku nyingi, huleta kukosa usingizi, kuumwa na kichwa, na kuwafokea watoto bila sababu.

Je, kuzungumza kunasaidia kweli?

Ndiyo. Mwaka 2002, ng'ambo ya ziwa letu, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, watu wenye huzuni nyingi walikutana kwa vikundi kila wiki, kwa muda wa wiki 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofunzwa. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi, na mabadiliko ya maisha. Walipolinganishwa na wenzao wasiopata vikundi hivyo, huzuni yao ilikuwa imepungua zaidi, na kazi zao za kila siku ziliwaendea vizuri.

Simu inaingia wapi?

Siku hizi ushauri wa namna hiyo hutolewa pia kwa simu, au kwa intaneti mkionana kwa video. Mshauri nasaha, au afisa wa ustawi wa jamii aliyesomea kazi hii, hupanga nawe siku na saa. Hatakupa dawa, wala hatakuamulia maisha yako. Atakusikiliza, atakuuliza maswali, kisha mtachagua hatua moja ndogo ya kujaribu kabla ya kuzungumza tena. Mama aliye kisiwani Mfangano hahitaji kulipa nauli ya boti ili asikilizwe.

Kabla ya kuanza, fanya haya:

1. Uliza mshauri jina lake, alisomea wapi, na kama amesajiliwa. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu mwaka 2014. Mtu anayetaka utume pesa bila kujitambulisha, achana naye.

2. Uliza bei mapema. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Kwa shida za watoto, piga 116 ya Childline, nayo pia ni ya bure.

3. Tafuta faragha. Nyumba ya chumba kimoja haina siri. Zungumza watoto wakiwa shuleni, au kaa chini ya mti mbali na watu. Kama simu si yako peke yako, mwambie mshauri ni saa ngapi asipige.

Ni lini simu haitoshi?

Ikiwa huzuni imedumu wiki mbili au zaidi na kazi zimekushinda, nenda kituo cha afya upimwe. Ikiwa unawaza kujiua au kumdhuru mtoto, au umejifungua na sasa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usingoje miadi yoyote. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize. Ukiwa mjini, nenda Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia.

Wengine wameficha mawazo ya kujiua kwa kuogopa kushtakiwa. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinakiuka Katiba. Kwa hiyo mwambie muuguzi ukweli wote. Kazi yetu ni kukutibu.

Kumbuka, mama: mtoto akiwa na homa, humfichi, unamleta kliniki. Moyo wako nao ukiumwa, tafuta mtu aliyefunzwa umweleze. Watoto wako wanakuhitaji ukiwa mzima.

Mweleze na jirani yako.