Kosa la Mwanafunzi Linasema Nini

Mwingereza aliyeanza kujifunza Kiswahili miezi michache iliyopita anasimulia alichokiona Mikumi: "Kiboko kikubwa kilikuwa majini." Wenyeji wanacheka, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Lakini sentensi hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Kiingereza hakina ngeli kama zetu, kwa hiyo kosa hili hakulitoa kwao. Amesikia kitabu kikubwa, kiti kikubwa, kisu kikubwa, akajitungia kanuni: jina likianza na ki-, yote yanayolifuata yashike ki-. Hakuna aliyemfundisha kusema kiboko kikubwa. Kanuni yake inafaa karibu kila mahali. Kilichobaki ni kujua kwamba watu na wanyama, hata majina yao yakianza na ki-, hufuata upatanisho wa a-/wa-. Huyu yuko mbele sana kuliko mwenzake anayesema "kiboko kubwa", ambaye upatanisho wenyewe bado hajaugundua.

Wataalamu walichelewa kuliona jambo hili. Katika miaka ya 1950, hasa Marekani, kujifunza lugha kulichukuliwa kuwa ni kujenga mazoea, na kosa likawa zoea baya la kung'olewa kabla halijaota mizizi. Mwaka 1957 Robert Lado alitoa kitabu kilichohimiza walimu walinganishe lugha ya mwanafunzi na ile anayofundishwa: zinapotofautiana, hapo ndipo ugumu utakapotokea. Kuna ukweli ndani yake. Mtanzania anayesema "My father he is sick" ameibeba a- ya "Baba yangu anaumwa" akaipeleka kwenye Kiingereza. Anayechanganya he na she ametoka katika lugha ambayo a- hiyohiyo inamtosha mwanamume na mwanamke.

Sasa mchukue mwanafunzi wa darasa la tano anayesema "goed" badala ya "went". Hilo halitokani na Kiswahili. Watoto wa Kiingereza, waliozaliwa ndani ya lugha hiyo, husema vivyo hivyo wakiwa wadogo. Tena huenda mwanafunzi wetu alikuwa akisema "went" bila shida mwaka uliopita, kwa kuwa alilikariri kama lilivyo. Mwalimu atadhani amerudi nyuma, kumbe ameshika kanuni ya wakati uliopita na anaijaribu kila anapopata kitenzi.

Mwaka 1967 S. Pit Corder, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Edinburgh, alichapisha makala iliyobadili mwelekeo wa utafiti. Alitenganisha kuteleza kwa ulimi, ambako humpata yeyote akichoka, na kosa linalojirudia kwa utaratibu. Hilo la pili, alisema, linamwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi. Miaka mitano baadaye Larry Selinker alikwenda mbali zaidi: lugha ya mwanafunzi ni mfumo kamili wenye kanuni zake, si lugha yake ya kwanza wala si ile anayoitafuta. Alionya pia kwamba baadhi ya makosa huganda, na mtu akabaki nayo maisha yake yote.

Je, mwalimu anaweza kuuharakisha mfumo huo? Kwa kiasi tu. Mwaka 1984 Manfred Pienemann alieleza jinsi watoto wa Kiitaliano waliokuwa wakijifunza Kijerumani walivyofundishwa kanuni moja ya mpangilio wa maneno. Waliokuwa wamekaribia hatua hiyo waliipata. Aliyekuwa bado mbali nayo hakuipata, ingawa somo lilikuwa lilelile.

Namna ya kusahihisha nayo ina uzito wake. Roy Lyster na Leila Ranta, katika utafiti wa mwaka 1997, walichunguza madarasa ya shule za msingi nchini Kanada yaliyofundishwa kwa Kifaransa. Zaidi ya nusu ya masahihisho yalifanywa kwa mwalimu kuirudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooshwa, na ni chini ya thuluthi moja ya masahihisho hayo yaliyopata mwitikio wa mwanafunzi. Si ajabu. Ukimjibu yule mgeni, "Kumbe kiboko mkubwa alikuwa majini!" atatikisa kichwa kwa furaha, akidhani umefurahia habari yake. Ukimuuliza, "Kiboko… alikuwaje?" ukamwachia nafasi, itambidi atafute mwenyewe. Huko Kanada, wanafunzi walioachiwa nafasi hiyo walijirekebisha mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo, mwalimu unayesoma sura hii, utakapokusanya madaftari wiki ijayo, usianze kwa kuhesabu alama za wino mwekundu. Yapange makosa kwa aina. Lililorudiwa na nusu ya darasa lina kanuni nyuma yake; tafuta chanzo chake, kisha lifundishe ubaoni. Lililotokea mara moja kwa mtoto mmoja liache lipite. Na anayesema "goed" asichekwe darasani, kwa sababu akinyamaza hutajua tena amefika wapi.