Kwenda Rwanda Kutazama Mbio za Baiskeli: Panga Pesa Kabla Barabara Haijafungwa

Ukienda uwanjani kuona mechi, unanunua tiketi, unapita getini, unakaa. Mbio za baiskeli za kulipwa hazina geti. Uwanja ni barabara yenyewe, na kusimama kando yake ni bure. Lakini usidanganyike kwamba safari nzima ni ya bure. Gharama iko kwenye kufika, kulala, kula, na kuipata pesa yako ukiwa nchi ambayo till na paybill ulizozoea hazifanyi kazi. Leo tunakupitisha hatua kwa hatua, tukitumia mbio kubwa iliyo karibu nasi: Tour du Rwanda.

Kwa nini Rwanda?

Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, na tangu 2009 iko kwenye kalenda ya UCI, shirikisho linalosimamia mchezo huu duniani. Hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Februari. Waendeshaji hupita miji kama Musanze, Rubavu na Huye kabla ya kumalizia Kigali. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kunolewa na David Kinjah kule Kikuyu kabla ya kushinda Tour de France mara nne, alishiriki mwaka 2023. Halafu Septemba 2025, Kigali ikaandaa Mashindano ya Dunia ya barabarani, mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika.

Simama wapi?

Kwenye barabara tambarare, kundi zima hukupita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Ukiinama kufunga kamba za viatu, limeenda. Kwa hivyo tafuta mlima. Hapo wanapunguza kasi, kundi linakatika vipande, na unawaona usoni mmoja mmoja.

Kigali ina milima ya kutosha. Maarufu zaidi ni Mur de Kigali, mteremko mfupi mkali uliotandazwa mawe. Kimihurura nako kuna kupanda kwa mawe, si mbali na Kigali Convention Centre. Siku ambayo mbio zinazunguka jiji ndiyo bora kwa mgeni, kwa sababu waendeshaji hupita mbele yako tena na tena. Kwenye mbio za wanaume za Mashindano ya Dunia 2025, zenye kilomita 267.5, walipanda Kimihurura kila mzunguko, mizunguko 15. Mwishowe ni waendeshaji 30 tu waliomaliza. Aliyesimama pale aliona mchujo wote bila kuhama.

Sasa sikia jambo la muhimu: barabara hufungwa mapema, kabla ya waendeshaji kufika. Ukishapanda kilimani, bodaboda haikufikii, na wakala wa pesa huenda yuko ng'ambo ya uzio. Watu wakijaa, hata mtandao unaweza kulemewa. Pesa unayohitaji siku hiyo iwe tayari kabla hujatoka chumbani.

Kufika

Mkenya anaweza kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Kwa ndege ni kama saa moja na nusu kutoka Nairobi. Kwa basi unapitia Kampala na kuvukia Gatuna. Hesabu mchana na usiku mzima, pamoja na pesa ya chakula njiani.

Mambo mawili huwachanganya Wakenya. Kwanza, Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja: saa nne asubuhi Kigali ni saa tano Nairobi. Pili, magari huko hupita kulia, kwa hivyo ukivuka barabara angalia kushoto kwanza.

Pesa: maliza haya kabla ya kuvuka mpaka

1. *Tenga pesa ya safari peke yake.* Februari karo bado inadaiwa kwa nyumba nyingi. Anza kuweka kidogo kidogo miezi kadhaa mapema, kwenye akaunti ya akiba iliyo kando na salio lako la kila siku. Ikifika wiki ya safari na haijatosha, punguza siku za kukaa. Usikope ili ukashangilie.

2. *Jua hesabu ya faranga.* Mwaka 2025 shilingi moja ilikuwa takriban faranga 11 za Rwanda. Njia ya haraka ni kuondoa sifuri moja: ukiambiwa chakula ni faranga 5,000, fikiria chini kidogo ya shilingi 500. Angalia bei ya siku kabla ya kubadilisha.

3. *Linganisha pesa inayofika, si ada pekee.* Tuseme una shilingi 5,100. Huduma ya kwanza haitozi ada lakini inakupa faranga 10.2 kwa shilingi: utapata 52,020. Ya pili inatoza shilingi 100 na kukupa 10.8: utapata 54,000. Ile ya "bure" imekugharimu karibu faranga 2,000. Kabla ya kuthibitisha, soma kwenye skrini kiasi kitakachopokelewa.

4. *Beba laini mbili.* Laini ya Kenya ibaki kwenye simu, roming ikiwa imewashwa, ili upokee ujumbe wa miamala. Kisha sajili laini ya huko kwa kitambulisho au pasipoti yako. Wanyarwanda wengi hulipia MoMo, hata kwa moto, yaani bodaboda zao. Na weka faranga chache taslimu mfukoni, za maji na mahindi ya kuchoma pale mtandao utakapogoma.

Usiliwe pesa

Wiki ya mbio vyumba vya kulala hugombaniwa, na matapeli wanajua. Mtu akikutaka utume deposit haraka kwa namba ya kibinafsi "kabla mwingine hajachukua", tulia. Tafuta namba ya hoteli kwingine, pigia mapokezi, na uhakikishe jina linalotokea kwenye muamala ni la hoteli.

Zipo sehemu za VIP zinazolipiwa, lakini nafasi ya kusimama kando ya barabara haiuzwi. Anayekuuzia tiketi ya kando ya barabara anakuuzia hewa.

Na PIN yako ni yako, Nairobi au Kigali. Hakuna mhudumu wetu atakayekupigia kuiomba ati "akufungulie huduma za nje". Simu kama hiyo ikija, kata.

Kabla ya kuondoka, jiulize: Nauli ya kurudi imelipwa? Chumba kimethibitishwa? Laini ya pili ina faranga? Kuna mtu nyumbani anayejua ninalala wapi? Ukijibu ndiyo mara nne, uko sawa. Panda kilima mapema, chagua upande wenye kivuli, na wakipita, shangilia hata wa mwisho. Yeye ndiye anayehitaji sauti yako zaidi.