Mkataba Unaotekelezwa na Kompyuta



Siku hizi twasikia kuwa mkataba waweza kuandikwa kwa lugha ya kompyuta, nayo kompyuta ikautekeleza yenyewe bila ya karani wala hakimu. Jambo hili si porojo, na yafaa tulijue kabla halijatufikia mlangoni.

Njia yake ni hii. Kila sharti hugeuzwa kuwa "ikiwa hivi, basi vile." Tuseme mchumaji amepatana na mwenye shamba alipwe kwa kila pishi. Kompyuta ikipewa idadi ya pishi na bei, hupiga hesabu na kutoa malipo papo hapo. Haina mjomba wala shangazi, wala haigeuzi neno baada ya mavuno. Faida hiyo tusiidharau, kwani ugomvi mwingi wa msimu hutokana na mapatano ya mdomo tu.

Lakini si kila neno huhesabika. Mwaka 1986 wataalamu wa Imperial College, London, walieleza jinsi walivyoiandika Sheria ya Uraia wa Uingereza ya mwaka 1981 kwa lugha ya kompyuta. Vifungu vya kuzaliwa viliingia vizuri, maana mtu ama amezaliwa Uingereza ama hakuzaliwa huko. Lakini sheria hiyo pia yataka mwombaji uraia awe na tabia njema, na tabia njema haina mizani. Lazima mtu aamue. Kwetu ni vivyo hivyo. Pishi zahesabika, lakini je, nani ataiambia kompyuta kuwa karafuu hizi ni safi?

Liko na la pili. Mwaka 2016 maelfu ya watu walichanga fedha katika mfuko uitwao The DAO, ndani ya mtandao wa Ethereum. Katiba ya mfuko ilikuwa ni programu yenyewe, na michango ilifikia thamani ya dola milioni 150 hivi. Tarehe 17 Juni mtu fulani alitumia kasoro iliyokuwamo: programu ilitoa fedha kwanza, ndipo ikapunguza hesabu ya mtoaji. Akadai tena na tena kabla hesabu haijapunguzwa, akachukua kiasi cha dola milioni 50. Kompyuta haikuvunja sharti lolote; ilifanya kama ilivyoandikwa. Mwezi wa Julai wengi wa wenye mtandao waliubadilisha ili fedha ziwarudie waliochanga. Wengine walikataa, wakashikilia kuwa lililoandikwa limeandikwa, na mtandao ukagawanyika. Basi hata huko, ugomvi ulikatwa na watu.

Kwa hiyo akitujia mtu na mkataba wa namna hii, tumwulize mambo matatu. Masharti yameandikwa pia kwa Kiswahili, na yakihitilafiana, yapi yatafuatwa? Nani anapima na kutia idadi ndani ya kompyuta? Na ikikosea, nani awezaye kuisimamisha, nasi tushitaki wapi? Asiyeweza kujibu, tusimtilie saini.

Mwanachama yeyote mwenye hati asiyoifahamu na ailete ofisini tuisome pamoja, kabla ya kutia dole gumba na wala si baada yake.

Katibu wa Chama