Mzee Amefariki, Shamba Limekodishwa: Je, Serikali Itadai Ushuru?



Kuna swali ambalo halikosi katika mikutano yetu. Mara nyingi huulizwa na mama mjane, tena kwa sauti ya chini, wengine wakishaondoka. Mzee amefariki. Ameacha ekari tano. Mbili familia inalima, na tatu alikuwa amemkodishia jirani anayepanda mahindi. Sasa mtu wa sokoni amemwambia mama kwamba akienda kortini kuandikisha urithi, serikali itakata sehemu ya shamba kama ushuru, na kwa vile limekodishwa itakata zaidi. Mama anaogopa, ananyamaza. Miaka inapita, hati bado ina jina la marehemu, na kodi ya zile ekari tatu anakula kijana mmoja peke yake.

Hofu hiyo imewapotezea wajane wengi haki yao. Hebu tuelewane pole pole.

USHURU WA URITHI HAUPO

Zamani Kenya ilikuwa na ushuru wa mali ya marehemu. Ulifutwa mwaka wa 1982. Tangu hapo mtu akirithi shamba, liwe analima mwenyewe au limekodishwa, hatozwi ushuru kwa sababu ya kurithi. Pengine uvumi hutoka kwa jamaa walio ng'ambo. Uingereza, kwa mfano, ushuru wa urithi bado upo na unafika asilimia 40, ingawa hata huko mashamba hupewa nafuu. Sheria hiyo ni ya kwao, haituhusu.

Je, ushuru wa faida ya kuuza mali? Huo ulirudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Lakini msimamizi wa mali anapomkabidhi mrithi fungu lake, hayo hayahesabiwi kuwa mauzo. Na hata mrithi akiuza baadaye, shamba la kilimo lisilofika ekari 50, lililo nje ya miji, halitozwi ushuru huo.

Kodi mnayopokea kutoka kwa jirani ni jambo lingine. Hiyo ni mapato kama mapato mengine. Ila mtu ambaye mapato yake yote hayapiti shilingi 288,000 kwa mwaka, nafuu ya kibinafsi humaliza ushuru wake wote.

Kwa hiyo gharama za urithi ni ada za korti, tangazo la gazeti rasmi la serikali, ada za ofisi ya ardhi, sarveya kama mnagawanya, na wakili mkimtaka.

JIRANI ALIYEKODI AFUKUZWE?

Hapana. Mwenye shamba akifa, mapatano hayafi naye. Kama alikodi kwa miaka miwili na mmoja umeisha, anao mwaka mmoja uliobaki. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakubali ukodishaji wa miaka miwili au chini hata kwa mapatano ya mdomo. Lakini kumbukeni, mahali penye bodi ya ardhi, kukodisha shamba la kilimo kunahitaji kibali cha bodi, na bila kibali mapatano hayana nguvu ya sheria. Hata kama kibali hakikuchukuliwa, msikimbilie kung'oa mahindi ya mtu. Kaeni naye mbele ya wazee, mwandike alilipa nini, lini, na atavuna lini.

KODI NI YA NANI?

Hapa ndipo nyumba nyingi huvunjika. Kodi inayoingia baada ya kifo ni mali ya marehemu mpaka korti iteue msimamizi. Kijana anayeipokea na kuitumia apendavyo anaingilia mali ya marehemu. Sheria ya Urithi, Sura 160, kifungu cha 45, inasema anaweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Tena atatakiwa kurudisha.

Kama marehemu hakuacha wosia, na alikuwa na mke mmoja na watoto, mjane ana haki ya kutumia mali iliyobaki maisha yake yote. Maana yake, kodi ya zile ekari tatu ni yake ya kuishi. Hawezi kuuza shamba peke yake, lakini pia hakuna anayeweza kumnyang'anya kodi hiyo. Baada yake, watoto wanagawana sawa, wasichana na wavulana, walioolewa na wasioolewa. Penye wake wengi, mali hugawanywa kwa nyumba kufuatana na hesabu ya watoto, na kila mjane akihesabiwa pia. Waislamu hufuata sheria yao.

HATUA ZA KUFUATA

1. Chukueni cheti cha kifo, na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Asiachwe hata mmoja.

2. Fanyeni sachi ofisi ya ardhi mjue shamba liko kwa jina la nani na kama lina deni.

3. Pelekeni ombi kortini. Korti ya hakimu yaweza kusikiliza kama thamani ya mali haizidi uwezo wake. Mjane ndiye wa kwanza kufikiriwa kuwa msimamizi, na wasimamizi hawazidi wanne.

4. Tangazo hutoka katika gazeti la serikali. Mwenye pingamizi ana siku 30.

5. Kwa kawaida baada ya miezi sita, korti huthibitisha hati na mgao. Kabla ya hapo shamba haliuzwi.

6. Pelekeni hati iliyothibitishwa ofisi ya ardhi mbadilishe jina. Mkigawanya vipande vyenye hati mbalimbali, mpitie bodi ya ardhi.

Mkisubiri hati, kodi ikizozaniwa, korti yaweza kutoa hati ya muda ya kukusanya na kulinda mali. Na kila shilingi iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

YA KUJADILI KIKUNDINI

Ni wangapi kati yetu tunalima shamba ambalo hati yake bado ina jina la babu? Kodi ya shamba la marehemu inapokelewa na nani, na mama anapata ngapi? Mwenyekiti na karani waandike majibu. Mkutano ujao, aliye tayari asindikizwe kwa chifu na wenzake wawili. Mjane akienda na wenzake hatishwi ovyo.