Bangi, Mkono Unaotetemeka na Sindano ya Maji ya Chumvi

Huenda video hiyo imekufikia kwenye simu: mgonjwa wa Parkinson anatetemeka mwili mzima, anadondoshewa mafuta ya bangi mdomoni, na baada ya muda mfupi mkono umetulia, anaongea vizuri. Sidhani kama anaigiza. Ninachouliza ni kitu gani kilichomtuliza.

Parkinson huua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kujongea kwa wepesi. Ikipungua, mkono hutetemeka hata ukiwa umepumzishwa, mwili hukakamaa, hatua hufupika. Kufunga kifungo kimoja cha shati kunamla mtu dakika nzima. Na kwa kuwa sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo zimejaa vipokezi vinavyoitikia bangi, wazo la kuijaribu halikuwa la kihuni.

Mwaka 2014 madaktari wa Israel waliripoti habari za wagonjwa 22 waliopimwa kabla ya kuvuta bangi na nusu saa baadaye. Kutetemeka kulipungua, ukakamavu ukalegea, maumivu yakashuka. Ila kila mgonjwa alijua anavuta nini. Watafiti wa Colorado, Marekani, wakabana zaidi: wagonjwa 61, wengine wakapewa mafuta yenye viini vya bangi, wengine mafuta matupu, bila kujua nani kapata yapi. Majibu yalitoka 2024. Mwendo wa pande zote mbili ulitengemaa, bila tofauti ya maana. Kwa usingizi na wepesi wa akili, waliokunywa mafuta matupu ndio waliofanya vizuri zaidi!

Msiwacheke. Mwaka 2001, huko Vancouver, Kanada, wagonjwa wa Parkinson walichomwa sindano ya maji ya chumvi wakitarajia dawa, na vipimo vya picha vikaonyesha ubongo wao ukimwaga dopamini. Tumaini peke yake lilitoa kemikali ileile waliyopungukiwa. Ndiyo maana kwa ugonjwa huu ushuhuda wa mtu mmoja, hata uwe wa kweli kiasi gani, hauthibitishi dawa.

Levodopa, dawa inayotumika tangu miaka ya 1960, bado ndiyo tegemeo. Bangi nayo huweza kushusha presha mtu anaposimama, shida ambayo wagonjwa wengi wa Parkinson tayari wanayo, na mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Kama babu au mama anaitumia kimyakimya, mwambieni daktari wake ukweli, na levodopa asiiache ghafla.