Mwanamume Aliyefunga Uzazi na Maumivu Yake

Miongoni mwa mambo yanayowazuia wanaume wengi wa Afrika ya Mashariki wasiikubali njia ya kufunga uzazi, ijapokuwa wamekwisha kuzaa watoto wa kuwatosha na wake zao wamechoka kwa vidonge na sindano za miaka mingi, hofu ya maumivu ndiyo isiyosemwa waziwazi. Hofu ya kupoteza nguvu za kiume mwanamume huitaja bila ya kusita, nayo haina msingi, kwa kuwa mirija inayokatwa haipitishi kitu ila mbegu, na homoni ya kiume huendelea kutoka korodanini na kuingia damuni kama ilivyokuwa. Lakini kukiri kwamba anaogopa kuumwa huona ni fedheha. Kwa hiyo huingia chumba cha tabibu hali hakuuliza lililo moyoni mwake, na akitoka, akaumwa, hana wa kumwambia.

Kazi yenyewe ni fupi, ya dakika 15 hadi 30. Tabibu humchoma sindano ya ganzi, akatoboa tundu dogo katika ngozi ya mfuko wa korodani, akautoa mrija mmoja baada ya mwingine, akaukata na kuifunga ncha yake kwa uzi au kuichoma kwa moto wa umeme. Ufundi huu wa kutoboa badala ya kupasua kwa kisu ulianzishwa na tabibu Mchina, Li Shunqiang, huko Sichuan, mwaka 1974, nao umepunguza sana kutoka damu na maambukizo. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2010, matabibu wamekuwa wakifundishwa kuichoma ncha ya mrija kisha kuitenga na ya pili yake kwa utando wa mwili wenyewe, ili zisipate kuungana tena.

Ganzi hudumu saa chache tu. Ikiisha, mtu huhisi uzito na mvuto unaoanzia korodanini na kupanda hadi kinenani, pengine hata chini ya kitovu, na kesho yake aweza kuiona ngozi imegeuka rangi ya zambarau mpaka kwenye shina la uume. Hayo yote ni ya kawaida. Yampasa alale au akae kwa utulivu siku mbili, avae chupi ya kubana ili korodani zisining'inie, na aweke barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa muda wa dakika 20 hivi, apumzishe, kisha arudie. Asiye na barafu atumie kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Paracetamol huwatosha aghalabu ya watu, ila aspirini waiepuke siku hizo za mwanzo, kwani huzuia damu isigande. Manii ya mara za mwanzo huenda yakawa na dalili ya damu, nayo hutakata bila ya dawa.

Taabu ya kwetu ni riziki. Mpagazi wa sokoni, mvuvi avutaye jarife, dereva wa bodaboda ambaye asipokalia kiti chake siku moja nyumba nzima hulala na njaa, hawa huambiwa wasinyanyue mzigo kwa juma zima, wakaitikia, na siku ya pili wakarudi kazini. Damu inayovilia ndani ya mfuko mara nyingi huwapata waliofanya haraka hivyo. Mimi naona ni wajibu wa mhudumu kumwuliza mtu kazi yake kabla ya kumpangia siku, ili mkulima aje baada ya mavuno na kibarua aje akiwa amekwisha kuweka akiba ya posho.

Yako maumivu ya kustahamiliwa na yako yasiyostahili subira hata kidogo. Uvimbe unaokua upesi katika siku ya kwanza au ya pili, mfuko ukajaa na kuwa mgumu, ni dalili ya mshipa unaovuja ndani. Na joto la ngozi, wekundu, usaha au homa inayoanza baada ya siku chache ni dalili ya maambukizo. Kila moja ya hayo humpata mtu mmoja au wawili katika mia, na mwenye dalili hizo arudi kituoni siku hiyo hiyo, wala asinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Kivimbe kidogo kigumu kinachotokea majuma machache baadaye mahali mrija ulipokatwa si saratani. Ni mbegu zilizovuja na mwili ukazizingira, nacho mara nyingi huyeyuka chenyewe.

Sasa nije kwenye lile ambalo wahamasishaji hawapendi kulitaja. Watu wachache, kadiri ya mmoja au wawili katika mia, hubaki na maumivu ya korodani kwa zaidi ya miezi mitatu, makali kiasi cha kuwafanya watafute matibabu: wengine huumwa wakati wa kujamiiana, wengine wakisimama kutwa. Hawa si waoga wala hawajarogwa. Mirija ya nyuma ya korodani yaweza kujaa na kuvimba, au neva ikanaswa katika kovu. Huanziwa dawa za kupunguza uvimbe kwa majuma kadhaa, kisha dawa za kutuliza neva au sindano ya ganzi kinenani. Na yasipofaa hayo, wako mabingwa wanaoweza kuunganisha mirija upya au kuzikata neva zinazoleta maumivu. Kumwambia mtu kwamba hataumwa kamwe ni kumdhulumu, kwa sababu siku atakapoumwa atadhani ameharibiwa, na atawaambia wenziwe hivyo. Mkoani Kigoma, watafiti walipowahoji watu juu ya njia hii, sifa ya mhudumu ilikuwa moja ya mambo yaliyowafanya wanaume waikubali au waikatae, na sifa hiyo hujengwa au kubomolewa na namna anavyopokewa yule anayerudi analalamika.

Mke naye aambiwe dalili hizi tangu mwanzo, maana ndiye atakayemwona mumewe anatembea kwa kuchechemea na kudai kwamba hana neno. Wakisubiri juma moja na maumivu yakapungua, waweza kurudia kujamiiana, lakini kwa kinga. Kwani mbegu zilizobaki mbele ya mkato huchukua muda kwisha, na mimba yaweza kutunga. Baada ya miezi mitatu manii hupimwa, na kinga huachwa pale tu kipimo kinapoonyesha kwamba mbegu zimekwisha. Safari hiyo ya kupimwa wengi huiacha kwa kuwa wamekwisha kupona. Naye ambaye bado anaumwa aifanye hima, amwonyeshe tabibu mahali panapouma, amweleze maumivu huja saa gani na kwa kazi gani, wala asione haya kulala kitandani akaguliwe.