Pikipiki Zimefika Kijijini: Tulinde Vichwa na Miguu

Hebu simama kidogo kando ya barabara ya kijiji chako. Hesabu vyombo vinavyopita. Utaona lori moja la mizigo. Utaona baisikeli mbili za wazee. Halafu utaona pikipiki kumi, kumi na tano, labda zaidi.

Nilipokuwa mtoto mambo hayakuwa hivi, na mimi sijafika miaka 30. Baba yangu alikuwa na baisikeli ya Phoenix. Gunia la mahindi lilibebwa nayo, na mgonjwa pia alibebwa nayo. Pikipiki ilikuwa chombo cha bwana shamba. Siku hizi kijana akiuza alizeti yake hununua pikipiki kwanza. Bati la nyumba litafuata baadaye. Asiye na fedha huchukua pikipiki ya mkataba. Kila siku humpelekea tajiri hesabu yake, na mkataba ukiisha pikipiki huwa mali yake.

Je, jina la bodaboda limetoka wapi? Lilianza Busia, katika mpaka wa Kenya na Uganda. Huko, miaka ya 1960, watu walibebwa kwa baisikeli kutoka boda ya nchi moja hadi boda ya nchi nyingine. Baadaye baisikeli zikawa pikipiki, na jina likasafiri. Hapa Tanzania pikipiki za China na India ziliongezeka sana baada ya mwaka 2000. Mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni za pikipiki zinazobeba abiria.

Sisi watu wa zahanati hatuichukii pikipiki. Dawa zikiisha, pikipiki ndiyo huzifuata. Wagonjwa wengi wanaofika kwetu usiku huletwa na bodaboda. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa asipakiwe pikipiki kama gari linaweza kupatikana. Piga simu namba 115. Ni bure. Utaelezwa namna ya kupata usafiri wa mama huyo, au wa mtoto mchanga aliye mgonjwa.

Sasa nitaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe.

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa mnada. Saa mbili usiku nilisikia pikipiki ikipiga honi mlangoni. Walikuwa vijana watatu juu ya pikipiki moja, ule mtindo tunaouita mshikaki. Dereva alikaa mbele. Majeruhi aliwekwa katikati. Wa tatu alikaa nyuma, akimshika mwenzake kifuani asianguke. Mguu wa kulia wa majeruhi ulikuwa unaning'inia. Pikipiki aliyopanda mwanzo ilikuwa imemgonga ng'ombe gizani.

Niliwauliza wenzake, "Alipoanguka, mfupa ulikuwa nje?"

Mmoja akajibu, "Hapana dokta. Mguu ulipinda tu. Damu haikuwepo."

(Wao huniita dokta. Mimi ni tabibu msaidizi wa cheti, lakini kijijini kila mwenye koti jeupe ni dokta.)

Nilipomulika taa niliona mfupa wa muundi umetoboa ngozi. Ulitoboa njiani. Kila pikipiki ilipoingia shimoni, mguu ulirushwa juu na chini, na ncha ya mfupa ikakata nyama kutoka ndani. Vumbi la barabara likaingia kwenye kidonda. Mfupa uliovunjika ndani ya ngozi hupona kwa miezi michache ukifungwa vizuri. Mfupa uliotoka nje ni jambo jingine. Vijidudu huingia mpaka ndani ya mfupa, na kuvitoa ni kazi kubwa.

Kijana huyo alilazwa hospitali ya mkoa kwa wiki nyingi. Alipasuliwa mara mbili. Baba yake aliuza maksai wake wawili wa kulimia ili alipe gharama. Msimu uliofuata nilimkuta mzee huyo shambani na mke wake, wakilima kwa jembe la mkono. Nilimwamkia, akaitika, akasema, "Mwanangu, mguu upo. Ng'ombe ndio hawapo." Sikuwa na la kumjibu.

Wenzake hawakufanya ubaya. Walimpenda, wakaharakisha. Hawakufundishwa tu. Kwa hiyo tujifunze sasa.

Mtu akianguka na mguu ukapinda, usiuvute. Usimsimamishe ajaribu kutembea. Tafuta mbao mbili au fito mbili zilizonyooka. Ziwe ndefu kutoka juu ya goti mpaka kupita kisigino. Zizungushie khanga au nguo ili zisimuumize. Weka moja upande huu wa mguu, nyingine upande ule, kisha funga kwa vitambaa. Usifunge juu ya mahali palipovunjika. Funga juu yake na chini yake. Hizo mbao tunaziita mabanzi. Ukimaliza, shika vidole vya mguu. Vikiwa vya baridi, au akisema vimekufa ganzi, umekaza mno. Legeza kidogo.

Kama damu inatoka, weka kitambaa safi na ugandamize kwa kiganja. Usiachie kila mara kuangalia kama imekoma. Kama mfupa umetokeza nje, usiurudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi, weka mabanzi, na usigandamize juu ya mfupa wenyewe. Halafu tafuta gari. Gari likikosekana, hata mkokoteni wa punda ni bora kuliko mshikaki, maana majeruhi atalala na mguu utatulia. Akifika zahanati, aulize habari ya sindano ya pepopunda.

Usimpe maji wala chai wala chakula. Najua ni vigumu, kwa sababu majeruhi huona kiu. Lakini huenda atapasuliwa, na mtu hulazwa kwa dawa ya usingizi akiwa hana kitu tumboni.

Tuje kwenye kichwa. Mguu ukivunjika unaungwa. Ubongo ukipondeka hatuna plasta ya kuufunga.

Je, unajua nguvu ya pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa? Ukiigonga kwenye ukuta, ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mti wenye urefu wa mita 6. Mwendo ukifika kilomita 60, ni kama kuanguka kutoka mita 14. Huo ni urefu wa mnazi mzima. Hakuna mtu angekubali kuruka kutoka juu ya mnazi. Lakini kila siku tunampigia dereva kelele, "Kaza mwendo, nimechelewa!"

Kofia ngumu ya pikipiki ina ganda gumu nje na sponji ngumu ndani. Kichwa kikigonga chini, sponji hubonyea na kula ile nguvu. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha hivi: kati ya kila watu 10 ambao wangekufa bila kofia, kofia huokoa kama 4. Majeraha ya kichwa huyapunguza zaidi ya hapo. Lakini lazima ifungwe mkanda chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa huruka kabla ya wewe kufika chini. Na ile kofia ya mafundi ujenzi si kofia ya pikipiki. Iliyokwisha kuanguka na mtu ajalini nayo haifai tena, hata kama inang'aa, kwa sababu sponji yake imekwisha kubonyea.

Abiria wengi hukataa kofia. Kina mama husema inaharibu nywele. Wengine husema inanuka jasho la watu. Ni kweli, inanuka. Mimi mwenyewe niliwahi kuikataa kwa sababu hiyo, nikiwa nimevaa koti la kazi, na dereva akanicheka. Tangu siku hiyo nina kitambaa chepesi mfukoni. Nakifunga kichwani, kisha navaa kofia juu yake. Na madereva waianike kofia juani mchana, ikiwa imepinduliwa.

Mtu akigonga kichwa, hata kama amesimama na kusema mzima, mwangalieni siku ile na usiku wake. Akianza kutapika, kusinzia ovyo, kusema maneno yasiyoeleweka, au kichwa kikizidi kumuuma, mpelekeni hospitali upesi. Damu inaweza kuwa inavuja ndani ya fuvu. Aliyezimia lakini anapumua alazwe kwa ubavu, shingo isipindwe. Kama anapumua vizuri, msimvue kofia ninyi wenyewe.

Kuna kidonda kingine ambacho tunakiona kila wiki. Ni cha ndani ya mguu wa kulia, chini ya goti. Hilo ni bomba la moshi. Shuka kwa upande wa kushoto. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala yai, wala mafuta ya taa.

Watoto nao. Kanuni za mwaka 2010 zilikataza kubeba mtoto wa chini ya miaka 9, na ziliruhusu abiria mmoja tu. Asubuhi ya shule naona watoto wanne kwenye pikipiki moja, yule mdogo amekalishwa juu ya tangi la mafuta.

Mijini zimeanza kuonekana pikipiki za umeme. Hazitoi moshi. Lakini hazina kelele pia, na mtu anayetembea kwa miguu anaweza asiisikie ikija nyuma yake. Zikifika kwetu, tutazoea kugeuza shingo.

Katika kijiwe cha bodaboda cha hapa kijijini sasa kuna fito nne zilizonyooka. Zimechomekwa kwenye paa la kibanda pamoja na vipande vya khanga kuukuu. Waliziweka madereva wenyewe, baada ya mimi kukaa nao Jumapili mbili. Yule kijana wa mnada ndiye aliyezichonga. Anatembea kwa fimbo, na mkataba wake wa pikipiki amemwachia mdogo wake.